Niliyaita Maji

Nilisimama kwenye ukingo wa laga, nikazungushia mdomo viganja, nikapiga ukelele: "Maji! Maji yanakuja!" Hakukuwa na maji. Kulikuwa na mchanga, jua na akina mama waliokuwa wakichota mashimoni. Basi, nimeshasema. Sasa nieleze.

Ilikuwa likizo ya Desemba, 2012, nami nimetoka shuleni Lodwar, kidato cha pili. Bwenini kazi yangu ilikuwa kuchekesha. Jioni moja nilitangaza kwamba leo ni nyama, bweni zima likatimua mbio na sahani, likakuta githeri ileile ya mahindi na maharagwe. Walinipiga kwa mito, tukacheka, yakaisha. Nikadhani kila uongo huishia kwenye mito.

Nyumbani ni Kakuma. Mama alitoka Kitale kuja kutafuta riziki, akafungua hoteli ya mabati karibu na laga: chai, chapati, maharagwe. Laga yenyewe ni mto usio na maji karibu mwaka mzima. Ukiyataka, chimba mchanga. Aliyetuletea maji ni nyanya mmoja Mturkana. Alikuwa na shimo lake, anaingia mpaka mabega yanazama, anachota kwa kibakuli, na mjukuu wake mdogo anapokea pale juu. Chai yetu ilitoka humo. Mbuzi wake pia walikunywa humo, wakirudi malishoni mchana.

Lakini laga ina tabia zake. Mvua hunyesha huko milimani, upande wa Uganda, na huku kwetu jua linawaka tu. Ghafla unasikia mngurumo kama wa lori, na kabla hujageuka maji yamekufika kiunoni. Kwa hiyo pale kuna desturi moja: anayesikia kwanza hupiga ukelele, na hakuna anayeuliza nani kasema. Watu hukimbia. Maswali ni ya baadaye, huko juu ukingoni. Desturi hiyo niliijua vizuri. Ndiyo maana niliona itachekesha.

Siku hiyo nilikuwa na rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi, kijana wa Sudan Kusini.

"Hawa wamama wanaweza kukimbia kweli na hizo shanga shingoni?" akaniuliza.

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa maneno. Lakini kati ya kuwaza na kusema kwangu hakukuwa hata na pazia.

Nikapiga ukelele ule. Wakakimbia. Mitungi ikabaki inamwaga. Yule nyanya alichomoka shimoni kwa viwiko, akamkwapua mjukuu kwa mkono mmoja kama mtu anayenyakua nguo kwenye kamba, akapanda ukingo. Waliokuwa nyuma yake walipita juu ya mdomo wa shimo, mchanga ukaanza kumomonyoka, kisha ukaingia wote kwa mpigo. Pakabaki kibonde tu, kama mahali alipolala punda.

Walisimama wakihema, wakitazama upande wa milimani. Hakuna kilichokuja. Mimi nikacheka, nikingoja na wengine wacheke. Rafiki yangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Maji iko wapi?" nyanya akauliza.

Mjukuu wake alikuwa bado amemng'ang'ania shingoni.

"Huyu ndiyo wa shule?" mwanamke mwingine akasema. "Shule ya punda?"

Hakuna aliyenigusa. Ningependelea ile mito ya bwenini.

Mama alisikia habari kabla sijafika. Wateja walikuwa wamekaa, birika tupu. Hakunifokea. Alinipa karai na sepetu, akanielekeza laga kwa kidevu.

Nikachimba. Nyanya alikaa ukingoni, ananionyesha kwa fimbo: hapana hapo, hapa. Mchanga mkavu hurudi kila unapoutoa, kwa hiyo ni kama kuchimba unga. Mbuzi walipofika walinizunguka wakalia, wakanitazama kama mimi ndiye mtungi. Jua lilikuwa limeinama ndipo mchanga ukawa baridi, kisha maji ya matope yakaanza kujikusanya. Nyanya akashuka, akanisukuma pembeni, akawanywesha mbuzi. Mtungi wetu aliujaza mwisho kabisa.

Asubuhi iliyofuata alileta maji kama kawaida. Nikamwamkia kwa Kiturkana, "Ejok." Akautua mtungi, akampa mama mkono, akaondoka.

Jioni mawingu meusi yalisimama upande wa Uganda. Mama alikuwa anafuta meza. Nilitaka aone kwamba nimeshika adabu, kwa hiyo safari hii nilifikiri kwanza, ndipo nikasema:

"Mama, huko inanyesha. Kesho nitakaa ukingoni nisikilize. Nikisikia maji kweli, nitawapigia ukelele."

Akaendelea kufuta ile meza ingawa ilikuwa safi.

"Ukiyasikia," akasema, "wewe usipige ukelele. Kimbia uje uniite mimi, nipige mimi."