Bunduki ya Mninga

Siku ile nilikuwa napiga randa mlango wa zahanati, hapa hapa Same, upepo ukinirushia vumbi machoni, alipokuja mkufunzi wa mgambo na agizo la bunduki kumi za mbao. Alikuwa na mgambo thelathini na hakuwa na bunduki halisi hata moja. Wamechoka kufanya gwaride na mipini ya majembe, alisema.

Umbo la bunduki nililijua. Gari la sinema lilikuwa limekuja kwenye shamba la mkonge Makanya, likatuonyesha picha ya vita vya Wazungu, na askari wake walibeba raifoli zilezile za askari wa mkoloni. Bunduki moja niliikodolea macho kuanzia kitako hadi mdomo. Pembeni ilikuwa na kipini kama cha komeo la mlango. Kazi yake sikuijua, nikakichonga palepale kwenye ubao wa mninga, hakisogei. Mkufunzi naye alizipokea hivyohivyo. Watu walizisifu bunduki zangu, na kichwa kikanivimba.

Elinihaki, mdogo wa mke wangu, alichukua ya kwanza.

"Shemeji, hii yako haiui hata panya," akanitania.

"Wewe ielekeze tu. Panya atakufa kwa woga."

Mwaka mzima alifanya nayo mazoezi uwanjani, mimi pia nikiwa mgambo. Lenga, fyatua, lenga, fyatua, na mlio tukiutoa kwa midomo.

Vita vya Kagera vilipoanza tuliitwa sote wawili. Mama mkwe alishuka kutoka Mbaga kutuaga. Hakulia. Aliniambia, "Mwanangu, unaondoka naye, urudi naye."

Kambini tulipewa raifoli zilezile kuukuu, kwa kuwa kazi yetu ilikuwa kulinda njia ya malori ya chakula. Kila mmoja alipiga risasi tatu, mkufunzi wa pale akitusimamia na kupaza sauti kila baada ya risasi: "Vuta komeo, risasi nyingine iingie!" Kisha tukapandishwa kwenye lori.

Niseme ukweli, niliogopa tangu hapo. Elinihaki naye aliacha utani.

Asubuhi moja, ng'ambo ya mto Kagera, tulikuwa tumelala kwenye mtaro kando ya barabara, yeye kulia kwangu, hatua tano.

Migomba ikatikisika.

Wakatokea askari watatu wa adui. Elinihaki akapiga. Mmoja akaanguka.

Akalenga tena, akafyatua. Kimya.

Kidole chake kikavuta tena, na tena. Mkono haukwenda kwenye komeo. Ulikaa palepale ulipozoea kukaa kwenye mninga wangu.

Nilitaka kumwambia avute. Sauti haikutoka. Hata mimi sikupiga. Mikono ilikufa ganzi kwa woga.

Akanigeukia. "Shemeji, imegoma."

Risasi ikampata shingoni.

Wale wawili walikimbia malori yetu yalipotokea. Bunduki yangu ilikuwa bado na risasi zake zote.

Nilirudi peke yangu. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu, kama aliteseka. Nikasema hapana, na hilo lilikuwa kweli.

Kwa miaka nilijitetea kwamba sinema ndiyo iliyonidanganya, kwamba askari wale walipiga mfululizo bila kugusa komeo. Hadi gari la sinema lilipokuja tena na picha ileile. Nilikwenda makusudi, nikatazama mkono wa kulia tu. Inua, vuta, sukuma, shusha. Kila risasi. Hatua hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, ila mimi fundi nilikuwa natazama mbao.

Kesho yake nilipanda Mbaga kuiomba ile bunduki ya mbao ya Elinihaki, ambayo mama mkwe alikuwa ameitundika juu ya kitanda cha mwanawe. Nilitaka kuichoma, na kabla ya hapo nimweleze kila kitu.

Nilipoiomba, kabla sijaeleza lolote, aliigusa kitakoni, pale palipong'aa kwa kushikwa.

"Iache, baba," alisema. "Ulimchongea vizuri. Ndiyo pekee iliyobaki na alama ya mkono wake."

Nikamwambia, "Haya, mama."