Gakuru na Gato Ndani ya Televisheni

Walisema sitaweza. Walisema mtoto aliyekulia Karagwe, anayeongea Kinyarwanda kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni, hawezi kukaa kwenye kiti cha mfasiri akawaeleza watu wa mtaa wetu wa Gitega, Rwanda, filamu nzima. Nataka niliandike hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu leo nina diploma ya lugha na uhariri wa sauti, nina studio yangu Kagugu niliyoijenga bila mjomba ofisini wala baba mwenye jina, na filamu ninazotia sauti huangaliwa mpaka Rusizi. Baadhi ya waliosema sitaweza ni wateja wangu. Huwa nawahudumia vizuri, ila siwapunguzii bei.

Chumba cha video cha Papa Klode kilinuka televisheni iliyopata moto. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole nyuma ya kioo, na kwenye Jumamosi za umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, ilichanganyika na ya udongo mbichi, maana watu waliingia moja kwa moja kutoka kuzibua mifereji, majembe yao wakiyaegemeza ukutani. Papa Klode alikuwa amerudi kutoka Bujumbura na televisheni hiyo moja, na aliendesha chumba chake kwa utaratibu mkali. Sauti ya filamu ilishushwa mpaka ikawa mnong'ono. Mfasiri alikaa kwenye kiti kirefu pembeni mwa kioo, akasema kwa Kinyarwanda, na Kiswahili pale kilipokuwa kitamu zaidi, kila walichosema Wazungu na hata walichokuwa wakifikiri. Waigizaji walipewa majina ya kwetu ili wasisahaulike. Mtazamaji aliruhusiwa kuuliza swali wakati wowote, na mfasiri hakuruhusiwa kujibu kwamba hajui. Kazi ikiharibika, Papa Klode hakumfokea mtu. Alinyanyuka, akapandisha sauti ya televisheni, na kila mmoja alielewa kwamba mfasiri huyo amekwisha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ilikuwa likizo yangu ndefu ya kwanza tangu familia yetu irudi Rwanda. Shuleni nilikuwa nimerudishwa madarasa mawili kwa sababu ya Kinyarwanda changu, na mtaani hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Mtanzania tu. Mfasiri wa Papa Klode, kijana aliyekulia Kampala, alipata kazi hotelini akaondoka, nami nikaenda kukiomba kiti. Kusema kweli, Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano: niliweza kuomba ruhusa ya kutoka nje na kutaja siku za juma. Lakini watu wa Gitega waliwachanganya waliotoka Uganda na waliotoka Tanzania. Kwao sote tulitokea upande wa Kiingereza. Sikuwasahihisha. Papa Klode alinipa Jumamosi moja ya kujaribiwa. Nikifaulu, kiti ni changu likizo nzima, na nilijua kwamba mtu anayekaa pale huitwa kwa jina lake.

Siku hiyo iliwekwa tamthilia ya mambo ya anga za mbali, ambayo kila kipande chake kilikuwa na kisa chake. Chombo kilikuwa kimekwama ndani ya wingu la rangi ya zambarau. Fundi mmoja akatumwa nje kurekebisha mlingoti, akarudi, akavua kofia yake kubwa, akanywa maji. Muda kidogo baadaye mlango ukafunguka tena, akaingia fundi yuleyule, akavua kofia ileile. Wakasimama wakitazamana. Chumba kizima kilinigeukia. Semana, seremala aliyekaa kila mara benchi la mbele na aliyekuwa wa kwanza kusema sitaweza, akauliza kwa upole wa mtu anayetega mtego, huyu tena ni nani.

Nikajibu bila kupepesa kwamba ni pacha wake. Aliyetangulia kuingia ni Gakuru, aliyefuata ni Gato. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo, na watu wakaguna kwa kuridhika kana kwamba wamekutana na jamaa. Kuanzia hapo niliruka. Nikawapa mama, nikampa huyo mama shamba la ndizi, nikawagombanisha mapacha juu ya shamba hilo, na kila midomo ya Wazungu ilipocheza nilikuwa na la kusema. Hata Semana alisahau kunitega. Kinyarwanda changu kilichechemea na hakuna aliyejali. Papa Klode peke yake ndiye aliyeacha kuangalia filamu. Alikuwa akiangalia benchi la pili.

Pale aliketi mtoto wa miaka minane aliyeitwa Gato. Mama yake aliuza makaa karibu na kisima, na Gakuru wa nyumba ile alikuwa amekufa kwa malaria wakati wa mvua zilizopita. Mtaa mzima ulilijua jambo hilo, nami nililijua. Nilikuwa nimekwenda nao mazishini. Mama yao bado aliitwa Mama Gakuru. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kushika njia, na nilipomwona mtoto yule amekaa wima, mikono chini ya mapaja, macho hayabanduki kwenye kioo, filamu ilikuwa inakaribia kwisha.

Nahodha akasema maneno mengi. Mapacha wangu wakasimama uso kwa uso mbele ya mtambo, mwanga ukajaa, na ulipopungua alitoka mmoja. Chombo kikachomoka katika wingu. Semana akauliza, yule mwingine yuko wapi. Jibu nilikuwa nalo tayari, maana mfasiri hujifunza mapema kwamba kifo cha kishujaa hufunga kisa chochote. Ndipo Gato alipopanda juu ya benchi ili nimwone.

"Gakuru ameenda wapi?" akauliza.

Hakupaza sauti. Nilikitazama kioo, nikatazama kiti nilichokalia, kisha nikasema:

"Nimekosea. Hawa si mapacha. Ni mtu mmoja. Lile wingu lilimwonyesha mara mbili, kama kioo kinavyofanya. Hakuna aliyekufa, Gato. Alitoka mmoja, akarudi mmoja."

Mtoto akafikiri kidogo, akakaa chini.

"Sasa shamba ya mama yao waligombania nini?" Semana akauliza. "Huyu mtu alikuwa anashitaki kioo?"

Walicheka mpaka majembe yakaanguka ukutani. Papa Klode alinyanyuka akaenda kwenye televisheni, akapandisha sauti, Kiingereza kikajaa chumba. Aliponipita aliniwekea mkono begani, akasema, "Uende nyumbani, mwanangu." Likizo yote iliyobaki niliitwa Kioo, na kiti akapewa mwingine aliyetoka Kampala.

Sikulia. Nilikasirika, na hasira ile niliitumia vizuri kuliko wengine wanavyotumia mtaji. Nilijifunza Kiingereza kwa vitabu vilivyopasuka majalada na redio ya jirani, nikawapita wote waliorudi kutoka upande wa Kiingereza, nikapata diploma nikiwa wa pili katika darasa letu, na wa kwanza alikuwa na kompyuta nyumbani. Studio nilianza na chumba kimoja na godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Leo nina vijana wanne, na hakuna kazi inayotoka pale ikiwa na kosa. Nimewahi kumrudisha kijana kwenye maikrofoni jioni nzima kwa sababu ya jina moja la mji.

Mwaka jana nilikipata kipande kile kwenye mtandao, nikakiangalia nikielewa kila neno. Wale mafundi wawili hawakuwa mtu mmoja aliyeonekana mara mbili. Tangu mlango ulipofunguka mara ya pili walikuwa watu wawili, kila mmoja na siku zake na hofu zake, na mmoja alikubali kufa ili mwenzake atoke. Mwishoni nahodha anamfariji aliyebaki kwamba yule alikuwa yeye mwenyewe, naye anakataa. Anasema yule alikuwa mtu mwingine, na amekufa, na apewe heshima ya mtu aliyekufa. Kwa hiyo mapacha wangu wa kubuni walikuwa karibu na ukweli kuliko masahihisho yangu.

Nilikitia sauti kama kilivyo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Kabla ya kukitoa nikamwita Gato. Sasa ni fundi bomba, mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba matangi, anaishi Batsinda na mama yake. Alivaa vipokea sauti, akasikiliza mpaka mwisho bila kujisogeza, akavivua.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Hii toa."

Kisha akaeleza kwamba Jumamosi ile alifika nyumbani akamsimulia mama yake, naye akamfanya arudie mara mbili. Kwa miaka yote hii, mvua zikianza, Mama Gakuru humwambia maneno yale: alitoka mmoja, akarudi mmoja, hakuna aliyekufa. Filamu yenyewe hajawahi kuiona, na sasa ana televisheni.

"Yeye mpe ile ya Gitega, kaka," Gato akasema.

Nikawaruhusu vijana waende kula. Nikafunga mlango wa studio, nikakaa kwenye maikrofoni, nikaanza, katika nakala ya Mama Gakuru peke yake, kuufuta mwisho sahihi na kuweka ule mwingine. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilihitaji pumzi moja kuyasema maneno yale. Safari hii yalinichukua mchana mzima, Gato akiningoja nje, kwa sababu sasa nilikuwa najua kila neno nililolifunika.