Koma ya Baba Mafigani

Kaka yangu Dena ni mgema hapa Gede, na kabla ya mwaka huu hakuwa amewahi kupiga hata mbuzi. Waliomwita mwendawazimu niliwatukana mmoja mmoja, na bado sijawasamehe.

Ubaya aliuanza mdogo wetu Kaingu. Alipookoka, aling'oa koma ya baba, kigogo tulichokisimika uani ili roho ya marehemu ikae nasi, akakipasua kwa shoka kikawa kuni. Dena akala ugali uliopikwa kwa moto ule. Alipokwenda kuchukua kaa awashie sigara, akakiona kichwa cha koma kinateketea mafigani.

Alimvunja Kaingu mkono kwa mchi. Toka hapo, kila aliyemletea chakula alipigwa. "Mnanilisha baba!" alifoka, akitapika mpaka damu. Mimi alinirushia sufuria ya moto, na kovu liko shingoni.

Hospitalini walimfunga kitandani wakamlisha kwa mpira wa puani. Aliung'oa, akamuuma muuguzi. Dawa zilimlaza, lakini akiamka hali kitu. Alibaki mifupa. Nilijua tunamzika.

Ndipo akaja Janet, mwanasaikolojia, mtu wa kanisa kama Kaingu, msalaba shingoni. Dena alimtemea mate usoni. Akajifuta, akavuta kiti, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Kaka Dena, kwenu mtu akichoma koma, hufanywa nini?"

Dena akamjibu, "Aliyechoma huchonga nyingine. Kwa mkono wake."

"Mimi? Nimrudie shetani?" Kaingu, aliyesimama nasi kando ya kitanda, aliruka. Nikamzaba kofi mbele ya wauguzi.

"Sikuombi uabudu," Janet akamwambia. "Nakuomba uchonge mti, nduguyo ale. Dawa zake ataendelea nazo."

Tukamrudisha Dena nyumbani, na Kaingu akachonga pale uani, mkono haujapona vizuri, akilia na kulitaja jina la Yesu kila alipopiga tezo. Dena alisimama nyuma yake, kotama yake ya kugemea mkononi, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Koma ilipokamilika, akamkaba Kaingu shingo. Nikapiga yowe. Akamsukuma chini, akaitupa kotama, akaisimika koma mwenyewe na kuimwagia tembo.

"Nyevu, dada yangu," akasema, "kuna ugali?"

Niliupika kwa gesi. Dena alikula mpaka akakwangua sufuria. Kaingu alimega tonge, akalitazama, akaitazama koma aliyoichonga, akashindwa kulitia kinywani.