Saa Nne ya Nani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sifichi. Kompyuta ikinikaidi naitukana kwa Lhukonzo, halafu kwa Kiswahili, na ikizidi naing'oa waya. Kwa hiyo katika karakana yetu ya Bwera, Uganda, tulikofufua kompyuta kuukuu za shule, kazi za subira alifanya mwenzangu wa meza, msichana wa Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka na wazazi wake wakikimbia bunduki. Nilimpenda, na nilikuwa sijamwambia.

Hatukuweka mfumo kwenye kompyuta moja moja kwa mkono. Tuliziunganisha kwa nyaya na mashine moja tuliyoiita mama, nayo ikazilisha zote. Kila kompyuta ikiamka huuliza: jina langu nani, lugha yangu ipi, saa yangu ya wapi? Maswali hayo mafundi tunayaita vigeu, yaani nafasi tupu zinazongoja kujazwa. Majibu yake huandikwa katika faili la mipangilio, kwa mafungu: juu fungu la kompyuta yenyewe, chini yake fungu la shule inakokwenda, na chini kabisa fungu la wote.

Kilichonitia wazimu ni saa. Ukivuka mto Lhubiriha tu, Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Sasa ile kompyuta yetu ya majaribio, kila tukiiwekea mfumo upya iliamka na saa ya Kongo. Nikaandika saa ya Uganda katika fungu la wote. Kongo. Nikaandika tena kwa herufi kubwa, eti itaogopa. Kongo. Nikaizaba kofi.

Mwenzangu alicheka mpaka akashika meza.

"Weye fundi, unaipigia bure. Kwenu Bakonzo na kwetu Banande, mutoto wa kwanza jina yake si iko tayari mbele ya kuzaliwa? Wa pili anaweza kuichukua?"

"Hawezi."

"Basi. Yenye ilitangulia njo inabaki. Mimi nilishaandika saa ya Kongo kule juu, kwa fungu ya kompyuta yenyewe. Mashine inaanza kusoma juu; ya kwako ya huku chini haiangalie."

"Na kwa nini uliandika ya Kongo?"

"Nijue kwetu iko saa ngapi."

Ningeweza kuufuta ule mstari palepale. Sikuufuta. Mwenye kupenda, chongo huita kengeza, na mimi ile saa iliyokosea nikaanza kuiona iko sawa.

Baadaye baba wa mwenzangu alirudi Butembo kutazama shamba, akaugulia huko, naye mwenzangu akamfuata. Laini yake ya simu haikupatikana tena. Nikawa naudhi kila mchuuzi aliyevuka, namuuliza kama amemwona, hadi wakaanza kunikwepa. Siku moja mama mmoja anayepeleka chumvi ya Katwe hadi Butembo akaingia karakana, akajitupa kwenye kiti.

"Baba, salamu zako zimepata jibu. Huko wanataka kumuoza. Amesema siku ya soko, saa nne, atakuwa kwenye daraja la Lhubiriha. Ukifika, anarudi na wewe. Usipofika, atajua humtaki."

Saa nne ya nani? Mtu wa mpakani akiahidiana na mwenzake husema: saa nne ya huku, saa nne ya kule. Hata mtoto wa shule analijua hilo. Mimi sikuuliza, kwa maana moyo ulikuwa umeshatangulia kupiga pasi shati.

Siku yenyewe nikawaza: anayekuja ni yeye, atakuja kwa saa ya kwao. Basi nikaketi mbele ya ile kompyuta yenye saa ya Kongo, nimevaa lile shati, nikiingoja. Ilipokaribia saa nne nikashika njia. Huku kwetu ilikuwa saa tano inaingia. Nilifika darajani nikitabasamu peke yangu.

Mama muuza samaki wakavu alinitazama shati, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Weye njo alikuwa anakungoja? Alisimama hapa tangu saa nne ya Uganda. Tulimwambia, mama, ngoja kidogo, pengine anafuata saa ya kwetu Kongo. Akasema hapana, yule ni mutu wa Uganda, miye nafuata saa yake. Camion, lori ya Butembo, imemubeba sasa hivi."

Nilikimbia. Askari akanizuia kwenye kizuizi, akataka kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa katika shati la kazi. Siku hiyo sikumtukana mtu. Baadaye nilituma neno kwa kila mchuuzi, na neno lililorudi ni kwamba ameolewa.

Sasa niko Kasese, nina karakana yangu, na ile kompyuta ninayo. Wateja hunitania: fundi gani huyu, saa ya mashine yake iko nyuma? Nawajibu nitairekebisha. Ni mstari mmoja tu wa kufuta. Lakini ninamkumbuka, bado ninamkumbuka mno, na siku za soko saa tano ikigonga mji mzima, mimi huigeukia kompyuta ile. Yenyewe husema saa nne, na kwa saa yake sikuchelewa.