Kisima Nilichokinyamazia

Mjukuu wangu Zuhura, naikumbuka siku moja ya mkutano wa kijiji, na aliyenikumbusha ni wewe kwa simu yako ya jana.

Maana jana nilikuuliza maswali mpaka mama yako akacheka, hapa mtaani kwetu Jeppestown, huku kusini mwa Afrika. Eti huko kijijini kwenu Kanada, mpaka wenu na Marekani ni mtaro tu wa shambani? Ng'ombe akivuka, nani anamfuata? Na madiwani ni watano, na mtu yeyote anaingia ukumbini akasema? Eish, hilo nimelipenda!

Kisha ukaniambia halmashauri inataka kuacha kusafisha theluji kwenye barabara yenu, wakidhani huko mwisho haishi familia yenye mtoto. Basi la shule halitamfikia mwanao Idi.

"Utasema?" nikakuuliza.

"Bibi, mimi mgeni. Miaka miwili tu."

Sasa nisikilize. Niliolewa upande wa Tanga nikitoka upande wa Kenya, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mwenyekiti, Mzee Hemedi, akaitisha mkutano wa kuchagua pa kuchimba kisima. Wanawake wengi walikuwa mazishini. Mama mkwe wangu, Mwanahamisi Kombo, akanituma nikae kwa niaba ya nyumba. Wanaume wakachagua mahali karibu na msikiti. Mimi nilikuwa nimechota maji kiangazi kizima, nikajua vidimbwi vya pale ndivyo vinavyokauka kwanza. Mzee Hemedi akauliza mara mbili, "Kuna mwenye neno?" Nikaangalia kanga yangu. Bibi harusi wa ng'ambo niwafundishe kijiji chao?

Wakachimba wiki tatu. Vumbi na mwamba.

Tukiwa njiani kufuata maji mbali, mama mkwe akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, mama. Lakini mimi mgeni."

Akatua ndoo. "Mgeni hanywi maji? Wewe umeona haya siku moja, sisi tutatembea mwaka mzima."

Hakunisema tena. Lakini kila safari ya ndoo nilimsikia.

Kwa hiyo Alhamisi nenda kwenye mkutano wa halmashauri, mwanangu. Mchukue Idi, wamwone kwa macho yao. Usigombe, usiombe radhi kwa kuwepo. Taja jina lako, sema nyumba yenu iko wapi na basi linapita saa ngapi. Wakikataa, wakatae wakiwa wanajua. Mahali unapomlaza mtoto wako, hapo una neno. Halafu unipigie, nataka kujua walivyojibu.

Mwenyezi Mungu akupanulie kifua, akulainishie ulimi, akuwekee watu wa kukusikiliza. Amina.