Nafasi ya Jamleck kwenye Benchi la Wazee

Upepo ukileta harufu ya maranda ya saipresi kutoka viwanda vya mbao vya Elburgon, Mwalimu Mugure huacha lolote alilokuwa akifanya na kusimama dirishani. Mumewe, Jamleck, alikuwa akirudi kutoka kazini na maranda mabegani, naye akimfokea, "Kung'utia nje, Baba Cate, hapa si karakana!" Siku hizi sebule ni safi. Angetoa chochote aifagie tena.

Jamleck alikuwa mzee wa kanisa, na pombe hakuwahi kuonja. Majuma machache baada ya chanjo, miguu yake ilianza kulegea. Akawa anapepesuka njiani, anashikilia nyua za watu, ulimi mzito. Waliomwona hawakuuliza. Kikao cha kanisa kikamtenga na Meza ya Bwana kwa kosa la ulevi. Jumapili yake ya mwisho ibadani sahani ya mkate ilimpita, akaifuata kwa macho hadi mwisho wa safu. Madaktari wa Nakuru walipogundua kwamba ni madhara ya chanjo, ya nadra sana, tayari alikuwa anapumua kwa mashine. Alizikwa akiwa bado ametengwa.

Ndiyo sababu Mugure aliwadai fidia watengenezaji wa chanjo. Siku ya kumalizana, Muiruri, mdogo wake Jamleck, alimsindikiza hadi kwa wakili wao mjini Nakuru, msichana aitwaye Cheruto.

"Mwalimu, wamekubali kulipa," Cheruto alisema. "Ila wanataka ukae kimya. Usimwambie mtu kilichomuua."

Muiruri alikuwa ameshamnyooshea kalamu. "Shemeji, weka sahihi twende. Kwani utakula maneno?"

"Wewe ungekula hata hiyo kalamu. Nikinyamaza, ndugu yako atabaki mlevi mpaka Yesu arudi."

"Wanaogopa watu wataikimbia chanjo," Cheruto akaeleza.

"Mimi nilichanjwa foleni moja naye, na wajukuu wangu nimewapeleka. Hilo nitalisema pia. Lakini nitasema yote."

Cheruto akatoka kupiga simu. Aliporudi hakuketi. "Wameondoa sharti la kimya, Mwalimu. Lakini wamepunguza malipo, tena sana."

"Wapunguze."

Muiruri alifyonya, akageukia ukuta. Mugure akatia sahihi kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Alipolieleza kanisa kilichomuua Jamleck, mzee Peterson, aliyekuwa ameongoza kile kikao, alimjia nyumbani na kofia mkononi.

"Tulimkosea, Mama Cate. Lakini hatujawahi kumrudisha marehemu mezani. Sijui tunaanzia wapi."

"Benchi lenu lipo?"

"Lipo."

"Mwachieni nafasi yake."

Jumapili ya Meza ya Bwana, Peterson alisimama akasema mbele ya wote kwamba Jamleck hakuwa mlevi, na kwamba wao ndio waliokosa. Kisha wazee wakaketi, wakaacha mwanya katikati. Sahani ilipofika hapo, Peterson aliishikilia kidogo juu ya ile nafasi tupu kabla ya kuipitisha.

Mugure aliupima mwanya ule kwa macho. Walikuwa wameuacha mwembamba. Mabega ya Jamleck yasingeenea pale, angewasukuma kidogo, na maranda yangewadondokea wote.