Barakoa Niliyoifua Kila Jioni

Dada yangu alifagia barabara moja miaka kumi na tisa. Ni ile kubwa, ya malori ya kokoto na mabasi yanayotoa moshi mweusi kama masizi ya sufuria. Wenzetu walihamishwa mmoja mmoja kwenda mitaa ya ndani yenye miti. Yeye alibaki palepale kwa sababu hajui kubembeleza wakubwa. Mimi nafagia upande wa pili wa barabara hiyohiyo. Hatukusoma, lakini uchafu hauulizi cheti.

Zamani tulinyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi likatulia. Akaja msimamizi mpya, akasema maji yanatuchelewesha. Zamu nayo akaitoa alfajiri, akaipeleka saa moja, magari yamejaa, ili wenye magari watuone tukifanya kazi. Tulimwita Bwana Picha. Mpiga picha akija, anatugawia barakoa kutoka kwenye boksi. Mpiga picha akiondoka, anazikusanya zote.

"Unazikusanya za nini?" dada alimwuliza siku moja.

"Zisichafuke, shangazi."

"Kwani hizo kazi yake ni kukaa kwenye boksi?"

Tulicheka mpaka mafagio yakatutoka mikononi. Bwana Picha hakucheka. Alimwekea dada kinyongo.

Kikohozi kilipokataa kwisha, nilimpeleka zahanati. Muuguzi, msichana mpole, alimpa barakoa moja nene.

"Mama, hii inashika vumbi jembamba ambalo macho hayalioni. Kitambaa hakiliwezi. Ibane vizuri puani. Ukiona imechoka, tupa, njoo nikupe nyingine. Nyumbani fungeni dirisha la barabarani asubuhi na jioni, mfungue mchana magari yakipungua. Pigeni deki, msifagie sakafu kavu. Lakini dawa yenyewe ni kutoka kwenye moshi ule. Mwombe bosi wako akuhamishe." Akamwandikia barua.

Dirisha tulifunga. Deki tulipiga. Ila barakoa, sisi ni watu wa usafi, kitu kikichafuka tunakifua. Kila jioni niliifua mimi, kwa mikono yangu hii. Niliisugua kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe, nikaianika. Nilijiona dada mwema. Miezi mitatu aliivaa ikinukia sabuni, na kifua kikazidi kubana.

Tulirudi zahanati. Muuguzi alipoishika, uso ulimbadilika. "Mmeifua?"

"Kila siku," nilisema, najisifu.

"Hii haifuliwi, mama. Ukiifua haishiki tena kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Dada akanipapasa goti. "Usijali, mdogo wangu. Angalau nilikohoa nikiwa msafi."

Ile barua alishaipeleka kwa Bwana Picha tangu siku ya kwanza. Alikuwa hajajibu, basi tukaenda pamoja kumwuliza.

"Mitaa ya ndani ni ya wagonjwa," alisema.

"Na mimi je?"

"Wewe unakohoa tu, shangazi. Hata gari langu linakohoa."

Wiki hiyohiyo mtaa wa miti alipewa shemeji yake Bwana Picha, mwanamke mwenye pumzi ya kupuliza moto wa tanuru. Niliuma meno. Ningesema, na mimi ningefukuzwa, na nyumbani tulikuwa wawili tu.

Uhamisho ulikuja dada alipoanguka katikati ya barabara, basi likafunga breki hatua mbili kutoka kichwani pake. Abiria walishuka wakapiga kelele, wakataka kujua bosi wake nani. Kesho yake Bwana Picha alimpa mtaa wa miti, akitabasamu.

Nilimsindikiza. Hewa ilikuwa nyepesi, hata mimi niliisikia. Dada alishika fagio, akavuta majani mara nne au tano, kisha akakaa ukingoni mwa barabara, mdomo wazi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ngoja."

Nilingoja. Fagio hakulishika tena siku ile. Siku ya tatu Bwana Picha alipita, akamkuta amekaa, akamwambia mtaa ule ni wa mtu anayeweza kufagia. Alirudishwa yule shemeji yake.

Sasa dada yuko nyumbani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Mimi bado nafagia barabara kubwa, sina pengine. Nikirudi nakung'uta nguo uani, nanawa uso na nywele kabla ya kuingia, nisimletee vumbi lile.

"Pole na kazi," huniambia. Halafu anatafuta pumzi, nami nasubiri pale mlangoni mpaka amalizie: "mdogo wangu."